Bei ya sombe tunaibishania, bei ya intaneti tunailipa kimya

Kila asubuhi ninapopita kwenye soko la Kilokwa, hapa mjini Beni, ninasikia mambo yale yale. Mama anauliza bei ya fungu la sombe. Muuzaji anataja franka 1,000. Mama anacheka, anageuka kama mtu anayekwenda zake, anaitwa, anarudi, anapewa kwa franka 700 na matabisi juu yake. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeibiwa. Kesho watakutana tena.

Lakini mama yule yule, mwisho wa mwezi ukifika, anakwenda kwa mtu wa wifi ao kwa muuzaji wa abonema ya televisheni. Anatoa dola zake, anapokea risiti, anatoka. Haulizi kitu. Hata kama wifi haikufanya kazi juma zima, haulizi kitu. Ukimuuliza yeye kwa nini, atakujibu: “Papa, ile ni kampuni, siyo soko.”

Wasikilizaji wetu, na nyinyi ndugu zetu mulioacha vijiji kwa sababu ya vita na sasa munaishi kati yetu, leo ninataka kutoa maoni yangu juu ya jambo hilo. Ninaona tunakosea. Kampuni nayo inauza, na sisi tunanunua. Penye kuuza na kununua, penye nafasi ya kusemezana. Na tusiposemezana, anayeumia zaidi siyo mimi niliye na mkataba mkononi. Ni yule anayenunua tike ya franka 500.

Nianze na hadithi ya nyumbani kwetu. Katika parsele yetu tuko familia 5. Mbili kati yao ni familia za wahami: moja ilitoka upande wa Oicha, nyingine ilikimbia kutoka Lubero ya kusini. Tulichanga pesa, tukaita mtu anayegawa intaneti mtaani, akafunga antena kwenye paa. Bei: dola 45 kwa mwezi, yaani dola 9 kwa kila familia. Alituahidi “mega 5, usiku na mchana”. Sitataja jina lake, maana lengo langu siyo kumchafua mtu, na wako wengi wanaofanya vile.

Miezi miwili ya kwanza tulifurahi. Mwezi wa tatu ikaanza shida. Kuanzia saa 12 ya jioni mpaka saa 4 ya usiku, intaneti ilikuwa kama mtu aliyelala. Kazi yangu ni kutuma sauti kwenye studio. Ripoti ya dakika 3, ikibanwa vizuri, inakuwa na uzito wa mega 3 hivi. Kwa ile ahadi tuliyopewa, ilipaswa kwenda kwa sekunde 5 ao 10. Jioni moja ilichukua dakika 40, na ilipofika, habari ya saa 1 ilikuwa imekwisha kusomwa.

Nilipiga simu mara nyingi nikilalamika. Kila mara jibu lilikuwa: “Vumilia kidogo, tuko tunatengeneza.” Kulalamika bila ushahidi ni kama kupiga maji fimbo. Ndipo nikaamua kufanya kile tulichofundishwa katika masomo ya uandishi wa habari: kuhakikisha kwanza, kusema baadaye.

Jambo la kwanza nililolijua ni kwamba neno “mega” linatuchanganya sote. Mega unazonunua kwenye simu ni za kupima wingi: ni kama lita za mafuta ndani ya bidoni. Mega anazoahidi mtu wa wifi ni za kupima mwendo: ni kama ukubwa wa bomba linaloleta maji. Na vipimo hivyo viwili havilingani, kwa sababu kimoja kinahesabu biti na kingine kinahesabu baiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo mtu akikuambia “mega 5” za mwendo, katika sekunde moja hupokei mega 5 za picha ao sauti. Unapokea kidogo zaidi ya nusu mega. Siyo wizi, ndivyo dunia nzima inavyopima. Lakini asiyejua hilo atabishana juu ya kitu kisichokuwapo, na muuzaji atamshinda kwa neno moja tu.

Jambo la pili: bomba lile siyo lako peke yako. Mgawaji ananunua intaneti kwa jumla, halafu anaigawa kwa wateja wengi akitumaini kwamba hawataitumia wote kwa saa moja. Mchana ni kweli hawaitumii. Jioni watu wote wanarudi nyumbani, kila mmoja anafungua simu, na bomba linakuwa dogo. Akiongeza wateja bila kuongeza bomba, kila mteja mpya anakunywa maji ya wale wa zamani. Hapo ndipo ugomvi wetu wa haki ulipo.

Nikachukua daftari. Kwa muda wa siku 14 nilipima mwendo mara 3 kwa siku: asubuhi, mchana na saa 2 ya usiku. Asubuhi tulikuwa tunapata mega 4 na zaidi, hiyo siikatai. Lakini katika zile jioni 14, ni jioni 3 tu ambazo zilipita mega 2. Na siku 4 hatukupata kitu kabisa, tangu asubuhi mpaka usiku. Nikapiga hesabu: dola 45 kwa siku 30 ni dola 1 na nusu kwa siku. Siku 4 zilizokufa ni dola 6. Hizo tulilipa bure.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya kwenda kwa yule bwana, nilizungumza na parsele nyingine 3 za avenyu yetu zinazotumia mgawaji huyo huyo. Wote walikuwa na kilio kile kile, lakini kila mmoja alidhani ni antena yake iliyoharibika. Halafu tukaenda kuuliza bei kwa mgawaji mwingine. Yeye alitaka dola 40 kwa mwezi na dola 80 za kufunga vyombo. Kwa parsele moja, kuhama hakuna faida: unapunguza dola 5 kwa mwezi, na itakubidi miezi 16 ili urudishe zile 80. Tulipomwambia kwamba tuko parsele 4, akasema hatatudai pesa ya kufunga. Basi tulikuwa na mahali pa kwenda. Mtu asiye na mahali pa kwenda haombi bei, anaomba huruma.

Tulikwenda watu 4, siku ya kazi, saa ya asubuhi. Hatukwenda kwa kijana anayepanda kwenye mapaa, kwa sababu yeye hapangi bei, anatumwa tu. Tulimuomba patro mwenyewe. Mzee mmoja wa avenyu yetu ndiye aliyefungua maneno. Alimsalimia, akamuuliza habari za watoto, akamwambia: “Papa, hatukuja kugombana. Tunataka kubaki kwako. Tusaidie tubaki.” Halafu nikafungua daftari.

Alianza kwa kusema kwamba mafuta ya jenereta ni ghali na kwamba bomba kubwa linatoka mbali. Hilo ni kweli, na tulimpa haki yake. Nchi yetu ina kipande kidogo tu cha bahari, kule Muanda, upande wa magharibi. Sisi wa mashariki, sehemu kubwa ya intaneti yetu inapitia kwa majirani, Uganda na Rwanda, kwenda mpaka kwenye kebo za bahari ya Hindi. Mwezi wa 5 mwaka wa 2024, kebo mbili za bahari hiyo, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi nyingi za Afrika ya Mashariki ziliona intaneti ikilegea. Siku kama hizo mgawaji wa mtaani hana kosa. Lakini kosa la jioni 11 kati ya 14 siyo la bahari. Ni la kuuza zaidi ya kile ulicho nacho.

Ndipo tukampa hesabu yetu. Parsele 4 kwa dola 45 ni dola 180 kila mwezi. Akitupunguzia mpaka dola 35, atapoteza dola 40 lakini atabaki na 140. Tukihama, atapoteza zote 180. Tukamuomba mambo matatu: bei ishuke mpaka 35 hadi atakapoongeza bomba, siku ambazo intaneti imekufa kabisa zirudishwe mwishoni mwa mwezi, na akiwa na matengenezo, atume ujumbe mbele ya wakati. Alikunja uso, akatoka kupiga simu, akarudi. Alikubali. Pesa za miezi iliyopita alikataa kurudisha, na hapo hakusogea hata kidogo. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi, sahihi mbili, kila upande na nakala yake. Sasa kila familia ya parsele yetu inalipa dola 7 pahali pa 9.

Nilirudi nyumbani nikijisikia mshindi. Pale kwenye mlango nilimkuta mama mmoja muhami. Yeye hakai kwetu, amepokewa na familia ya avenyu ya nyuma. Nilimsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: “Na sisi wa tike, mulituombea nini?”

Sikuwa na jibu.

Mama huyo ana mtoto wa kiume aliyepotelea upande mwingine wakati wa kukimbia. Habari zake zinakuja kwa ujumbe wa sauti, mara moja moja. Kila Jumamosi mama anaazima simu, ananunua tike ya franka 500 kwa muda wa saa moja kwenye kibanda cha mgawaji yule yule, anaingiza namba za siri, anangoja. Intaneti ikikatika baada ya dakika 5, saa yake inaendelea kuhesabika. Inaporudi, tike imekufa. Franka 500 ni pesa ya unga wa watoto. Jumamosi mbili mfululizo alirudi bila kusikia sauti ya mtoto wake, na hakuna daftari lililoandika hasara yake.

Mimi mwenye mkataba nilibebwa na hesabu ya dola 6. Yeye alipoteza kidogo kwa pesa, lakini alipoteza kikubwa kuliko mimi.

Siku ya tatu nilirudi kwa patro, mara hii pamoja na mama mwenyewe na wahami wengine wawili. Nilikuwa nimeuliza fundi rafiki yangu, akanielezea: chombo kinachotoa tike kinaweza kupangwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, saa inaanza kukimbia mara tu unapoingiza namba, na haisimami hata ukitoka. Namna ya pili, saa inahesabu tu muda ambao simu yako iko ndani ya mtandao, na ukitoka inasimama. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache, hakuna chombo kipya cha kununua. Hatukuomba bei ishuke hata franka moja. Tuliomba saa isimame mtu anapotoka.

Patro alimtazama mama, akamuuliza mtoto yuko wapi. Mama akamwambia. Jioni ile ile tike zilibadilishwa. Sasa laini ikilegea, mama anazima wifi ya simu, dakika zake zinamngojea. Nimeona watu wengi wakisema wafanyabiashara hawana roho. Mimi ninasema mara nyingi hawana habari. Mtu wa kibanda anachukua pesa, hapelekei patro kilio. Na sisi tunanung'unika barabarani, pahali ambapo patro hasikii.

Kuhusu televisheni, maneno ni yale yale, lakini njia ni tofauti. Muuzaji wa abonema mtaani hawezi kukupunguzia bei, kwa sababu bei inapangwa juu. Usimsumbue kwa kile asichokuwa nacho. Kule unabishana kwa namna ya kulipa. Abonema inalipwa mbele, kwa hiyo uwezo uko mkononi mwako kila mwezi. Mwenye parsele yetu alikuwa analipa fungu kubwa mwaka mzima kwa sababu ya mupira. Lakini ligi kubwa za Ulaya zinapumzika kuanzia mwisho wa mwezi wa 5 mpaka katikati ya mwezi wa 8. Kwa miezi hiyo, kama hakuna mashindano mengine unayofuata, shuka kwenye fungu dogo. Mwambie muuzaji mbele ya siku ya mwisho, siyo nyuma. Muulize kama kuna punguzo kwa mteja anayerudi. Na ukumbuke kwamba siku za abonema zinahesabika hata umeme ukikatika. Ukijua mtaani kwenu umeme umeharibika na utachukua juma moja, usikimbilie kulipa.

Ninawasikia wale watakaosema: “Bwana mwandishi, watu wanachinjwa mashambani, wahami wanalala njaa, wewe unatuambia mambo ya wifi?” Ninaheshimu neno hilo. Lakini kwa mtu aliyekimbia, simu ndiyo njia ya kujua nani yuko hai, barabara gani imefungwa, msaada unagawiwa wapi. Pesa anayotumiwa na ndugu yake inapitia kwenye simu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, sisi wa Beni tuliona uvumi ukikimbia kuliko ukweli. Intaneti mbovu haizuii uvumi, inazuia tu kuuhakikisha. Kwa hiyo siyo anasa. Ni kama maji: ukiuziwa bidoni nusu kwa bei ya bidoni nzima, utanyamaza?

Wengine watasema: “Mtu mdogo hawezi kitu.” Hao ninawakumbusha ile kodi ya RAM iliyoanza kukatwa kwenye simu zetu mwaka wa 2020. Watu walilalamika, mashirika ya raia yakapaza sauti, wabunge wakaichukua mnamo 2021, na mwaka wa 2022 ikaondolewa. Siyo mtu mmoja aliyeiondoa. Ni wengi waliokataa kunyamaza. Bei za mega za kampuni kubwa za simu hatuwezi kuzibishania kwenye kibanda, zinapangwa Kinshasa. Lakini kuna ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, na kuna sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano. Barua ya mtaa mzima, yenye tarehe, saa na vipimo, ina uzito kuliko matusi 1,000 kwenye simu.

Na mashirika yanayofanya kazi hapa, ninayaomba jambo moja kwa heshima. Munapofunga mkataba wa intaneti, musilipe bei ya kwanza munayotajiwa. Bei munayokubali nyinyi inakuwa kipimo cha bei kwa mtaa mzima.

Mimi ninapendekeza hivi. Kila avenyu ichague mtu mmoja mwenye daftari, kijana aliyesoma, apime na kuandika kwa juma mbili. Parsele zinazotumia mgawaji mmoja zikutane, kama tunavyokutana kwa ajili ya likelemba. Muulize bei ya mgawaji wa pili hata kama hamutaki kuhama. Muende kwa patro kwa adabu, na hesabu mkononi. Na kwenye hesabu hiyo musisahau mtu wa tike, kwa sababu yeye haitwi kwenye mikutano. Kama anaishi nyuma ya nyumba yenu, mwende naye.

Dola inapopanda, bei ya wifi kwa franka inapanda siku ile ile. Dola inaposhuka, bei inabaki juu ikitutazama. Hiyo nayo iwekwe kwenye daftari, tuiulize mwezi ujao.

Jumamosi iliyopita nilimwona mama yule akitoka kwenye kibanda. Alikuwa ameshika simu karibu na sikio, anacheka peke yake. Tike yake ilibaki na dakika 22. Aliniambia anaziweka kwa ajili ya Jumatano.

Kutoka Beni, ni mimi mwandishi wenu.